Mtoto niliyemwambia afungue kinywa tu

Naandika kisa hiki chote leo kwa sababu wenzangu wanaofundisha korale, yaani kwaya, za watoto hapa Lushi (Lubumbashi, Katanga, Kongo) wananiuliza kila mara swali lilelile, unafanya nini na mtoto asiye na sikio la muziki, na mimi huwa najibu nusu nusu tukiwa tumesimama barabarani. Sasa niweke yote. Kosa lililo ndani ya kisa hiki ni langu na nitalisema kama lilivyo.

Korale yenyewe ni ya parokia moja ya Katuba, mtaa wa hapa Lushi, watoto 37, wadogo miaka 7 na wakubwa 12, tunakutana Jumamosi saa nane mchana kwenye ukumbi wa mabati, kuna kinanda kimoja cha umeme kinachofanya kazi siku umeme upo, na kuna mimi mwenye sauti ya besi, ile nzito ya chini ya mwanaume. Mwezi wa kumi tulikuwa tunaandaa Noeli. Mstari wa mbele alikuwepo msichana wa miaka 8, mdogo wa mwili, anayefika wa kwanza kila Jumamosi, na kila tukianza wimbo sauti yake inabaki chini kabisa, nzito, kama mtu anayenguruma ndani ya kikombe, noti mbili tatu tu toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Wale waliosimama kulia na kushoto kwake nao wanaanza kupotea. Nilijaribu Jumamosi mbili kumsahihisha, nikampigia noti kwenye kinanda, nikamuimbia mimi mwenyewe sikioni, wapi. Basi nikamtoa mbele nikamuweka nyuma, nikainama, nikamwambia kwa upole kabisa, "Fungua kinywa tu, mama, sauti uache." Akajibu ndiyo mwalimu.

Na alitii. Mwezi wa kumi mpaka wa kwanza, kila Jumamosi, kinywa kinafunguka kinafunga, maneno yote anayajua, sauti hakuna. Noeli ilipita vizuri, watu walipiga makofi, mimi nilifurahi. Hapo njo panaponiuma mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Mama yake alikuja mwezi wa kwanza, nilikuwa nafunga mlango wa ukumbi. Hakuja na hasira.

"Jambo mwalimu."

"Jambo mama."

"Mwalimu, huyu mutoto ku nyumba anaimbaka toka asubuyi. Anasafisha byombo, anaimba. Juu ya nini hapa haimbake? Bibi yake alikuya ku Noeli, akarudia anauliza, ule mutoto kinywa inatembea lakini sauti iko wapi?"

Nikamuelezea kwamba kuna watoto Mungu hajawapa sikio la muziki, si kosa la mtu, atafanya vizuri kwenye mambo mengine. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Sikio iko nayo, mwalimu. Miye njo mama yake." Akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema kuliko kawaida, saa saba hivi, na uani wasichana walikuwa wanacheza nzango. Kwa asiyejua, ni ule mchezo wa timu mbili kusimama uso kwa uso, wanapiga makofi wanaimba wanaruka, halafu wawili wanatupa mguu mbele kwa pamoja na pointi inategemea miguu imelingana au imepishana. Kuna mmoja anaita wengine wanaitika. Aliyekuwa anaita siku hiyo ni yeye. Sauti iko juu, nyembamba, safi kama maji, na wenzake kumi wanaitika kwenye noti ileile aliyowapa. Nilisimama nyuma ya nguzo wasinione, nikatoa telefone, nina ile programu ya kupima sauti ambayo watu wa gitaa wanatumia, nikaiwasha. Mwito wake ulikuwa noti ya si, ukishuka mpaka sol diezi, ule ufunguo mweusi juu ya sol, tena na tena, karibu 494 ikishuka 415 kwa hesabu ya mitetemo kwa sekunde, na hakutetereka hata mara moja akiwa anaruka.

Nikaingia ndani nikakaa kwenye benchi. Mtoto asiye na sikio hawezi kufanya vile.

Sasa njo nianze kuchambua, na hapa lazima nimlete mzee mmoja wa mbali, Zoltán Kodály, mtunzi wa Hungaria. Jina lake nililisoma wakati nasomea ualimu, mistari minne kwenye daftari, nikaijibia mtihani nikasahau. Siku ile ya nzango nilirudi kwake kwa sababu nilikumbuka kitu kimoja tu, kwamba alisema watoto waanzie kwenye zile sauti mbili, so ikishuka kwenda mi, na kile nilichosikia uani kilikuwa hicho hicho, funguo tatu za kushuka kwenye kinanda ukihesabu nyeusi na nyeupe. Mtoto anayemuita mama yake toka barabarani anaiimba bila kujua. Sikiliza watoto wanaouza mikate asubuhi huku Katuba, utaisikia.

Kodály alizaliwa 1882 mji wa Kecskemét, baba yake alikuwa mkuu wa stesheni ya treni, kwa hiyo familia ilihama kufuata reli. Mimi ni mtoto wa mtu wa reli, nimezaliwa Kamina, tumeishi Likasi, tukamalizia hapa, kwa hiyo naelewa mtoto anayejifunza nyimbo mpya za uani kila baba akibadilishiwa kituo. Toka miaka 3 mpaka kama 10 hivi aliishi Galánta, akasoma na watoto wa kijijini wasiokuwa na viatu. Miaka mingi baadaye, tayari ni mtunzi mkubwa na profesa Budapest, alipotoa mazoezi ya watoto ya sauti mbili aliandika kabisa kwamba wakati anayatunga alikuwa anawawazia wale wenzake wa Galánta waliotembea miguu chini. Hii sehemu niliisoma mara nyingi kuliko zote.

Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa ya wakubwa. Toka 1905 alizunguka vijijini kukusanya nyimbo za wakulima, akishirikiana na rafiki yake mtunzi Béla Bartók, 1906 akamaliza udaktari kuhusu muundo wa nyimbo hizo, 1907 akaanza kufundisha chuo cha muziki Budapest. Lakini karibu na 1925 alisikia wanafunzi wakiimba nyimbo walizofundishwa shule, akashtuka kwa jinsi zilivyokuwa mbovu, na kuanzia hapo akatungia watoto mpaka uzeeni, amekufa 1967. Kuna maandishi yake ya 1929 yanayosema, kwa maneno yangu, kwamba nani ni mwalimu wa kuimba katika mji mdogo kama Kisvárda ni jambo kubwa kuliko nani ni mkurugenzi wa Opera, kwa sababu mkurugenzi mbaya anaanguka mara moja, ila mwalimu mbaya anaendelea miaka thelathini kuua upendo wa muziki ndani ya watoto, darasa baada ya darasa. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye ile korale. Nilipiga hesabu ni wangapi nimewaambia wafungue kinywa tu. Ninaowakumbuka kwa sura ni wanne.

Turudi kwa mtoto. Kwa nini uani anaimba na ndani ananguruma? Sababu ya kwanza ni mimi na besi yangu. Nilikuwa natoa noti ya kuanzia kwa kifua changu mwenyewe, la ya 220, kwangu ni noti nzuri, imekaa juu kidogo na inasikika. Watoto wengi wakisikia mwanaume anaimba pale wanapanda oktava, yaani noti ileile ila juu, mitetemo mara mbili, wenyewe bila kuambiwa, wanaenda 440, mambo yanakwenda. Yeye hakupanda. Alitaka kutoa ileile niliyotoa mimi, na ile iko kwenye sakafu kabisa ya sauti ya mtoto wa miaka 8, alichoweza kutoa huko ni mngurumo. Yaani kwa maoni yangu alikuwa ananisikiliza kwa uaminifu kuliko wenzake wote, na mimi nikamuadhibu kwa hilo. Kinanda hakikusaidia kwa sababu aliyekuwa anakipiga alikuwa ananifuata mimi kule chini, na sauti yake ya umeme haina kinywa wala pumzi, mtoto haoni aishike wapi.

Sababu ya pili ilinichukua wiki kuiona, na hii nitaikalia kidogo maana karibu korale zote za hapa zina ugonjwa huu. Wimbo tuliokuwa tunaandaa ulikuwa na melodia ya Kifaransa, sisi tukabandika maneno ya Kiswahili juu yake. Kifaransa kinaweka uzito mwishoni mwa neno. Kiswahili kinaweka kwenye silabi ya pili toka mwisho, mto-TO hakuna, ni m-TO-to. Sasa kwenye ule wimbo pigo zito lilikuwa linaangukia mwisho, tukawa tunaimba bwa-NA, mto-TO, nyo-TA, na ule msichana kila akifika hapo alikuwa anajikwaa, anaweka uzito pale ulimi wake unapotaka, anachelewa nusu pigo, halafu anapotea na noti pia. Nilidhani hajui mdundo. Kumbe ni Kiswahili chake kilikuwa kinakataa. Kodály alikutana na kitu hichohicho kwao, Kihungaria uzito uko silabi ya kwanza siku zote, na nyimbo za shule zilikuwa za mtindo wa Kijerumani ambazo mara nyingi zinaanza na silabi nyepesi kabla ya pigo zito, kwa hiyo watoto walikuwa wanaimba lugha yao kama wageni. Njo maana akasisitiza mtoto aanze na nyimbo za lugha ya nyumbani. Ukweli ni kwamba mimi hilo la lugha ya nyumbani nilikuwa nalichukua kama siasa ya utamaduni, maneno ya kusema kwenye sikukuu. Ni jambo la ufundi kabisa, ni pale uzito unapoanguka.

Na watu wa Katanga hatuna haja ya kwenda Hungaria kutafuta ushahidi. Kamina kwetu, tarehe 23 mwezi wa tatu 1958, watoto wa shule na walimu wao waliimba misa nzima kwa mtindo wa Kiluba, maneno ya Kilatini lakini melodia na ngoma za kwetu, kinanda hakuna. Padri Guido Haazen aliyewaongoza alikuwa Mbelgiji, lakini sehemu kubwa ilitoka kwa waimbaji wenyewe wakibuni pamoja. Ile misa ilizunguka dunia. Kwa hiyo mtu akiniambia watoto bila kinanda hawawezi, mimi namjibu Kamina.

Nilichofanya kuanzia mwezi wa pili ni hiki. Kwanza nilimuita yule mtoto kabla ya wenzake hawajafika, nikamwambia nilikosea, nataka usikie sauti yako humu ndani. Hakujibu kitu, aliangalia viatu vyake. Nilitegemea atafurahi. Jumamosi mbili aliendelea kufungua kinywa bila sauti, sasa nikiwa nimemruhusu, na hapo nikaelewa kwamba nilichofunga kwa sentensi moja hakifunguki kwa sentensi moja.

Basi nikaacha nyimbo zote. Nikazima kinanda. Tukatoka uani, tukacheza nzango kama mazoezi, mimi nikiwa pembeni. Halafu nikachukua ule mwito wa so na mi nikauingiza ndani taratibu, tunaita majina tu, mmoja anaita jina la mwenzake na mwenzake anaitika kwenye noti zilezile. Mimi sikuimba hata noti moja. Nilimuweka msichana wa miaka 11 mwenye sauti tulivu atoe noti ya kuanzia, na yule mdogo nikamsimamisha karibu naye, bega kwa bega. Jumamosi ya tatu ya mpango huu aliitwa jina lake akaitika. Juu, safi, kwa noti ileile ya uani. Wenzake hawakushangaa, wao walikuwa wanajua siku zote kwamba anaimba. Mtu pekee aliyekuwa hajui ni mwalimu.

Halafu ishara za mikono. Hizi si za Kodály mwenyewe, alizikuta Uingereza, zilitengenezwa na John Curwen huko karne ya 19, yeye akazichukua na kuzifanyia marekebisho. Do ni ngumi usawa wa tumbo, mi ni kiganja kimelala, so kiganja kinakuangalia wewe, la mkono unaning'inia toka juu. Mtoto anaona noti inapanda na kushuka mbele ya kifua chake, haibaki tena kitu cha hewani. Kwa huyu mtoto mkono ulifika kabla ya sauti, unamuona mkono umeshakwenda la, sekunde inapita, sauti inafuata.

Hapo tulipata mgogoro mdogo na kijana anayepiga kinanda. Yeye amesoma solfeji ya mapadri, ile ya kuimba noti kwa majina yake, kwake do ni do, ni ufunguo ule mmoja mweupe, basi. Kwenye njia hii do inahama, popote wimbo unapokaa nyumbani kwake hapo njo do. Alinisimamisha mbele ya watoto, "Maestro, hiyo si do, hiyo ni mi." Ana haki, kwa shule yake. Nilimwambia avuke mpaka wa Kasumbalesa siku moja aende Zambia akasikilize korale zinazosoma sol-fa, noti zilizoandikwa kwa herufi za do re mi, do yao inahama na wanaimba sauti nne safi. Tumekubaliana watoto wadogo watumie ya kuhama, wakubwa watakaotaka kinanda atawafundisha yeye majina ya funguo. Si suluhisho kamili, wawili wameshachanganyikiwa, lakini tunaenda nalo.

Kwa nyimbo tumeanza na zile zenye sauti tano, do re mi so la (so ni sol), fa na ti, ile ya saba ambayo solfeji inaiita si, hazimo. Sababu ni rahisi, kati ya mi na fa kuna nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda, kati ya ti na do pia, na nusu toni njo mahali watoto wadogo wanateleza. Nyimbo nyingi za uani na za bibi zetu zinatosha humo ndani, tumekusanya kumi na mbili toka kwa watoto wenyewe na mama zao, nyingine za Kiswahili, nyingine za Kiluba na Kibemba. Kwa zile za Kiluba lazima kumuuliza mzee, maana ni lugha ya toni na melodia ikipanda pale neno linaposhuka unaweza kuwa umesema kitu kingine. Na naomba sana mwalimu atakayependa njia hii asiende kuchukua nyimbo za Kihungaria akazibandika Kiswahili, atakuwa amerudia ugonjwa uleule kwa jina jipya. Kodály mwenyewe alichukua kilicho cha watu wake, ile shule ya msingi ya njia yake iliyofunguliwa Kecskemét 1950, ambako Márta Nemesszeghy alikuwa anawaimbisha watoto kila siku, iliishi kwa nyimbo za pale pale.

Matokeo. Wiki ya nane alikuwa anashika so, mi, la bila msaada. Wiki ya kumi na moja do ya chini. Ile la ya 220 yangu nimeizika, sasa nina diapazoni mfukoni, kile chuma cha meno mawili kinachotoa noti moja, naipiga gotini, namsikilizisha yule wa miaka 11, yeye anawapa wengine. Wale wengine niliowaweka nyuma kwa kunguruma, wawili wametoka kwenye mngurumo, mvulana mmoja wa miaka 12 bado, na kwake nadhani sauti imeanza kuvunjika, hiyo ni kazi nyingine. Wazee wa korale kubwa hawajafurahi, wanasema Pasaka ilikuwa na nyimbo za watoto wa mtaani. Mama yake alikuja Pasaka, alikaa benchi la tatu, baada ya misa alinisalimia kwa mikono miwili, hakusema lolote kuhusu sikio.

Fa bado. Jumamosi iliyopita tulijaribu wimbo wa kwanza wenye fa moja tu, katikati. Nilimwambia arudi mstari wa mbele, akakataa, amechagua mwenyewe mstari wa pili karibu na yule mkubwa. Wimbo ulipofika pale, mkono wake ulitengeneza fa vizuri kabisa, dole gumba limeelekea chini, na sauti akaifunga. Akamsikiliza jirani yake apite, akaingia tena kwenye mi.

Sikumwambia kitu.